Mama Aliusikia Miguuni

Ilianza na chupa ya maji. Ilikuwa imesimama kwenye kishimo chake katikati ya viti vya mbele, imejaa nusu. Nilipofika kilomita 95 kwa saa, maji yakaanza kujichora duara ndani ya duara. Mama aliitazama chupa kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha miguu, akaikunja, akainyoosha tena kama mtu aliyekalia kiti cha wenyewe.

"Gari lako linaumwa," akasema.

"Ni usukani tu, mama. Unatetema kidogo. Nimeshauzoea."

"Mimi sijashika usukani, mwanangu. Mimi linanitekenya nyayo."

Nikakanyaga mafuta hadi 115, mtetemo ukafifia, nikabadilisha mazungumzo.

Ilinichukua wiki sita kuisikia tena sentensi ile.

## Kasi niliyoihama

Nianze na kukiri. Mtetemo haukuwa mgeni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimejiwekea eneo la marufuku kwenye kipima mwendo, kati ya 85 na 105, bila kumwambia mtu na bila kujiambia mwenyewe. Nilikwenda chini ya 80 au juu ya 110. Katikati pale nilipita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Nilikuwa na maelezo pia: gari lina miaka 19, limetembea zaidi ya kilomita 260,000, lina haki ya kutetemeka. Nimewasikia wengi wenye magari ya umri huo wakisema hivyohivyo, na sasa kauli hiyo inanikera. Uzee hautetemeshi gari. Linatetemeshwa na kitu fulani, kilicho mahali fulani, ambacho unaweza kukigusa kwa mkono ukijua pa kugusa.

Baada ya safari ile na mama nilishindwa kurudi kwenye mazoea. Kila nikifika 90 niliiona chupa.

## Sifuri nne

Nikaanza pale ambapo kila mtu huanza: balansi, yaani kusawazisha uzito wa magurudumu. Kijana wa matairi akafungua magurudumu yote manne, akayazungusha kwenye mashine moja baada ya jingine, akabandua vipande vya zamani vya risasi na kugonga vipya. Mwisho akaniita nione. Kioo kilionyesha sifuri ndani, sifuri nje, kwa kila gurudumu.

"Safi kabisa, bosi."

Nilipofika 95, usukani ukatikisika mikononi mwangu.

Hapo ndipo nilipopotea. Mashine imesema sifuri, kwa hiyo magurudumu hayana kosa. Na kama magurudumu hayana kosa, basi mchawi yuko kwingine. Nikabadilisha tairodi endi zote mbili, vile viungo vinavyounganisha usukani na magurudumu. Nikabadilisha bushi, vile vipande vya mpira kwenye viungo vya mikono ya chini inayoshika magurudumu. Nikafanya alaimenti. Kila hatua ilikuwa na sababu, wala sikudhulumiwa na mtu: fundi alinyanyua gari, akanitikisia gurudumu, nikaona kweli limelegea. Na kila baada ya matengenezo nilirudi barabarani na swali lilelile.

Umekwisha?

Haujaisha.

Basi si hicho. Twende kingine.

Kuhusu alaimenti nitasema haraka: inanyoosha mwendo wa gari na kuzuia matairi yasilike upande mmoja. Mtetemo haiutibu. Nilijua hilo, nikaifanya hata hivyo, kwa sababu mtu aliyechoka hununua chochote kilicho karibu. Bushi ni habari nyingine. Bushi iliyolegea kwa kawaida haizalishi mtetemo wa aina hii, ila inaupokea na kuukuza. Mpaka leo sina hakika kama zile zangu zilikuwa za lazima.

## Lini

Siku moja mdogo wangu, aliyechoka kunisikiliza, aliniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza. "Unatetema lini?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikagundua sijui. Nilijua kasi tu. Sikujua kama ni kila mara, kama ni nikikanyaga mafuta au nikiyaachia, kama breki inauongeza au inaupunguza. Wiki nzima nilikuwa nauliza ni kitu gani, nikawa kama mgonjwa anayeomba dawa kabla hajasema panauma wapi.

Tukaenda kwenye barabara iliyonyooka, asubuhi ambayo haina magari, yeye na daftari, mimi na usukani.

Kwanza nikafika 100, nikatoa gia na kuliacha gari lijiendee lenyewe huku injini ikinguruma taratibu. (Injini haizimwi. Ukiizima usukani unakuwa mzito na breki nazo zinapoteza msaada wake.) Mtetemo ukabaki vilevile, haukupungua hata chembe. Kwa nusu dakika ile tuliondoa kwenye orodha injini, klachi na mauntingi zote (vishikizo vinavyobeba injini), ambazo wiki iliyotangulia nilikuwa nimeanza kuulizia bei.

Kisha 95 kwa gia ya tano, halafu 95 kwa gia ya nne. Injini ilipiga kelele zaidi, mtetemo haukujali. Ulifuata mwendo wa gari, haukufuata mwendo wa injini.

Kisha kukanyaga na kuachia. Mtetemo unaokuja unapovuta tu na kukata ukiachia mafuta huelekeza kidole kwenye jointi za akseli, vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, hasa zile za ndani. Wangu ulikuwa uleule. Kisha breki, kidogo kidogo: haukuongezeka, kwa hiyo diski zikatoka. Na tulipomaliza kilomita 30 ulikuwa bado upo. Tairi lililosimama muda mrefu huota ubapa upande wa chini na kutetemesha gari, lakini likipata moto hurudi umbo lake baada ya mwendo mfupi.

Nikimaliza kila jaribio mdogo wangu aliandika mistari miwili, mmoja wa mikono yangu, mmoja wa kiti chake. Sikumwambia afanye hivyo. Nadhani ni tabia yake tu.

## Kumi na tatu

Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Ni hesabu ya darasa la saba, ila ilinipa furaha kuliko vipuri vyote nilivyonunua.

Tairi langu ni la 195/65, rimu ya inchi 15. Mzingo wake unakaribia mita 2. Mwendo wa kilomita 95 kwa saa ni mita 26 na ushei kwa sekunde. Kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 13 kila sekunde. Kwa mwendo huohuo, kwenye gia ya tano, injini yangu inakuwa kwenye mizunguko kama 2,700 kwa dakika, yaani 45 kwa sekunde.

Simu nyingi za sasa zina kihisi cha mtikisiko, na zipo programu za bure zinazochora mtikisiko huo kwa idadi ya mara kwa sekunde. Tukaiweka simu sakafuni, tukarudi barabarani. Mchoro ukatoa kilima kirefu kwenye 13. Kwenye 45 palikuwa tambarare.

Kulikuwa na kilima kingine kidogo kwenye 26. Mdogo wangu akauliza kile ni nini. Nikamwambia ni mwangwi wa kile kikubwa, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Nitakirudia.

Wenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma wana mtuhumiwa mmoja zaidi, propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ambayo katika magari mengi huzunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mtetemo wake huwa wa haraka, unakaribia kuwa mvumo. Langu linavutwa mbele, kwa hiyo huyo hakuwepo.

Hesabu ilinieleza pia kwa nini mtetemo ulikuwa unakuja na kuondoka. Gurudumu lililozidiwa gramu 30 ukingoni mwa rimu, kwa mizunguko 13 kwa sekunde, linavutwa nje kwa nguvu ya karibu kilo 4, likivutwa huku na huku mara 13 kila sekunde. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inashuka hadi robo. Ndiyo maana mjini huusikii. Lakini kwa nini ufifie nikipita 110, wakati nguvu inazidi kupanda? Kwa sababu gurudumu linaning'inia kwenye springi na lenyewe lina springi ya upepo ndani ya tairi, kwa hiyo lina mdundo wake wa asili, ambao kwa magari madogo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mtoto aliye kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake anapaa. Ukimsukuma haraka kuliko bembea inavyorudi, hapai, ingawa mikono yako inafanya kazi zaidi.

Kumbe kwenye 115 ugonjwa haukuwa umepungua. Ulikuwa umeacha kusikika.

Niliisoma sentensi hiyo daftarini mwangu, nikapita.

## Kidole cha mzee

Kwa hiyo ni magurudumu. Na mashine imesema magurudumu ni sifuri. Nilikaa na mkanganyiko huo siku kadhaa, hadi nilipompelekea mzee mmoja fundi ambaye siku hizi hafanyi kazi nyingi, ila anapenda kusikiliza. Nikamwonyesha daftari. Alilisoma lote, polepole, miwani ikiwa puani. Kisha akauliza kitu ambacho hakikuwemo.

"Hizi rimu zilikuja na gari?"

Nilipolinunua nilizikuta, nikamwambia. Mwenye gari wa kwanza ndiye aliyezifunga.

Akafungua gurudumu la mbele kushoto, akalilaza chini, akaingiza kidole kwenye tundu la katikati, akalizungusha. Akafungua la kulia, akafanya vivyo hivyo. Akaniita.

"Weka kidole hapa. Sasa weka huku."

Kulia palikuwa na ringi nyembamba ya plastiki iliyoshindiliwa ndani ya tundu. Kushoto palikuwa patupu, chuma kitupu.

Rimu za duka hutobolewa tundu kubwa ili ziingie kwenye magari mengi, na ringi ndiyo inayojaza nafasi iliyobaki ili rimu ikae katikati ya habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Bila ringi, rimu inategemea nati peke yake. Nati zenye mdomo wa pia hujitahidi kuivuta katikati, lakini ukizikaza gari likiwa tayari limekaa chini, uzito unaielemeza rimu upande mmoja, na nati zinaikazia hapohapo. Juu ya habu yangu kulikuwa na gamba la kutu pia, limejivimbia upande mmoja. Ringi ilipotelea wapi, hakuna ajuaye. Labda ilivunjika siku ya pancha fulani, ikafagiliwa na takataka.

"Imehama kidogo tu," mzee akasema. "Hata nusu milimita inatosha."

Usiku nikaipigia hesabu hiyo nusu milimita. Gurudumu pamoja na tairi lake lina kama kilo 16. Kilo 16 zilizohama nusu milimita ni sawa na kubandika zaidi ya gramu 40 ukingoni mwa rimu. Na mashine ya balansi isingeliona hilo kamwe, kwa sababu mashine hulishika gurudumu kwa koni inayoingia katikati ya tundu, kikamilifu kabisa. Sifuri yake ilikuwa ya kweli. Ilikuwa sifuri ya gurudumu lililofungwa kwenye mashine.

Mzee akasugua habu kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, akapata ringi ya kipimo chake, akarudisha gurudumu likiwa bado hewani, akakaza nati kwa kuvukana kama anayechora nyota, kisha akashusha na kumalizia kwa spana ya kipimo.

## Bado

Tukaenda kulijaribu, yeye akiwa pembeni yangu. Themanini. Tisini. Tisini na tano.

Unatetema.

Nilihisi moyo unashuka. Nikapunguza mwendo. "Bado, mzee."

"Usukani je?"

Nikarudi 95. Nikalegeza vidole hadi nikawa naugusa usukani kwa ncha tu. "Umetulia."

"Umetulia kidogo, au umetulia?"

"Umetulia kabisa."

"Sasa unaposema bado, unasikia wapi?"

Kwenye kiti. Kwenye sakafu. Nyayoni.

Mzee hakusema kitu. Alivua ndala moja, akaweka unyayo chini, akatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa nimetafuta mtu mmoja kwenye nyumba yenye watu wawili. Kila nilipomtoa mmoja mlangoni, yule mwingine alikohoa ndani, nami nikaamini sijamtoa yeyote. Baada ya balansi ya kwanza, kwa mfano, mtetemo uliokuwa unaanzia 80 ulikuja kuanzia 87. Nalikumbuka hilo vizuri. Nililiona, na nikalihesabu kuwa ni kushindwa, kwa sababu swali langu lilikuwa "umekwisha?" na jibu la swali hilo ni ndiyo au hapana. Sikuwahi kuuliza umebadilika vipi. Daftari la mdogo wangu lilikuwa na mistari miwili kwa kila jaribio, mikono na kiti, na mimi nilikuwa nausoma mmoja tu, wangu.

Na mama alikuwa ameshaniambia. Mimi naushika mikononi, yeye unamtekenya nyayo. Kwa kawaida mtikisiko wa magurudumu ya mbele hupanda kwenye usukani na ule wa nyuma hupitia sakafu na viti. Si sheria isiyovunjwa, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Nilimsikiliza kama mtu asiyejua magari, kumbe alikuwa anatoa taarifa.

## Yai

Gurudumu la nyuma kulia lilinyanyuliwa kwa jeki. Mzee akachukua kipande cha chaki, akaegemeza mkono wake juu ya tofali ili usiyumbe, akaisogeza chaki hadi karibu na uso wa tairi, nami nikalizungusha polepole kwa mkono.

Chaki haikugusa. Haikugusa. Ikagusa. Haikugusa.

Ilichora alama moja yenye upana wa kiganja, mahali pamoja tu. Nikapitisha mkono. Pale mpira ulikuwa umeinuka kidogo, kama shavu lenye jino bovu. Kwa macho nisingeuona. Kashata za tairi zilikuwa bado nene, na hizo ndizo nilizokuwa nazikagua kila mara. Kwenye ubavu kulikuwa na tarakimu nne, 1113. Wiki ya 11 ya mwaka 2013. Tairi lilikuwa halijalika, lilikuwa limezeeka.

Lakini nalo lilipimwa na kutoa sifuri!

"Mashine inapima uzito," mzee akasema. "Umbo haiulizi. Mimi nakubalansia hata yai."

Ndicho kilima kidogo kwenye 26. Uzito uliozidi upande mmoja hupiga mara moja kwa mzunguko. Umbo lililoharibika linagonga barabara kwa namna yake, na mara nyingi huacha alama mara mbili au tatu ya hesabu ya mzunguko. Nilikiita mwangwi.

Nikauliza kama linaweza kuhamishiwa mbele tulijaribu, tuone kama usukani utarudia. Akanitazama kama nimeuliza kama mtoto anaweza kuchezea kiberiti. Chini ya mpira kuna matabaka ya nyuzi za chuma, na uvimbe wa namna ile ni dalili kuwa matabaka yameanza kuachana. Joto huyaachanisha zaidi. Mwendo mkali huleta joto. Mwisho wake tairi hujivua ngozi barabarani, au hupasuka.

Akafunga la akiba, na lile akaliegemeza ukutani.

Nilibaki nimechuchumaa mbele yake. Wiki zote zile, kila mtetemo uliponisumbua, nilikuwa nakimbilia 115. Siku ile ya chupa nilikimbilia 115 mama akiwa pembeni yangu, ili anyamaze.

## Tisini

Nilinunua matairi mawili mapya ya nyuma, yakafungwa kwenye habu zilizosuguliwa, na ringi nikazihesabu mwenyewe: nne. Simu sakafuni ilichora tambarare kwenye 13 na kwenye 26. Sasa nasikia beringi moja ikivuma kwa mbali mbele kulia, ambayo nadhani ilikuwepo siku zote ila ilifunikwa. Nitaishughulikia.

Jumapili nilimchukua mama. Sikumwambia kitu. Chupa niliijaza nusu makusudi, nikaisimamisha palepale. Themanini na tano, maji kimya. Mama alikuwa anasimulia habari za jirani na hakuitazama chupa hata kidogo, jambo lililonivunja moyo kiasi.

Kwenye 90 akakatisha hadithi.

"Mbona unapunguza?"

Nikautazama mguu wangu. Ulikuwa umeshajiinua.